Shajara ya mradi: vigari vya cc 660 kwenye kazi ya teksi

Januari

Magari yote matatu yameshapata vibali, yamebandikwa mistari na kufungwa kibao juu. Mawili ni pacha: vigari vya kimo kirefu, milango minne, injini ya silinda tatu yenye cc 660, gia za CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na hatua za gia). La tatu ni la chini chini, cc 800, gia za mkono. Hilo nililing'ang'ania mimi. Wenzangu wa kikundi chetu cha teksi walitaka yote yafanane ili spea zinunuliwe za aina moja, na hoja yao ilikuwa na uzito, lakini bila gari la kulinganishia tungeishia kusifia tulichonunua.

Swali la mradi ni moja tu. Gari linalonusa mafuta likitiwa kwenye kazi ya teksi, je, ule unafuu unafika mfukoni mwa dereva au unavuja njiani?

Kwa asiyevijua vigari hivi: cc 660 si namba iliyookotwa. Japani ina daraja zima la magari madogo liitwalo kei, lililoanza mwaka 1949 na kukua kidogo kidogo: cc 360 miaka ya 1950, cc 550 mwaka 1976, cc 660 mwaka 1990. Vipimo vya sasa ni vya Oktoba 1998: urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, kimo mita 2.0. Watu ndani wasizidi wanne, na dereva ni mmoja wao. Hapo ndipo kikao chetu cha kwanza kilipokwama. Abiria watatu tu? Mzee mmoja wa kamati alisema teksi ni gari lenye buti la kumeza harusi nzima, hivi vingine ni vya kwendea sokoni.

Nikamkumbusha kwamba hatuanzi sisi. Italia, kuanzia mwaka 1956, Fiat 600 Multipla ilifanya kazi ya teksi kwa miaka mingi ikiwa na injini ya cc 633 na urefu wa mita 3 na nusu hivi. Dereva alikaa juu ya magurudumu ya mbele, mizigo ikapangwa kando yake. Jiji la Mexico lilijaa teksi za Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, na kwa kuwa ilikuwa na milango miwili tu, waling'oa kiti cha mbele cha abiria ili watu wapite kwenda nyuma. Gari dogo limeshabeba miji mikubwa. Tunachotafuta sisi ni hesabu yake.

Februari

Karatasi za kiwandani tumezifungia kabatini. Vigari vya aina hii vilikuwa vikitangazwa kwa kilomita 30 na kitu kwa lita. Suzuki Alto ya mwisho wa mwaka 2014 ilitangazwa kwa 37. Namba hizo zilitoka kwenye kipimo cha Japani kiitwacho JC08, gari likizungusha magurudumu juu ya rola ndani ya maabara, bila foleni, bila abiria watatu na mabegi yao. Na maabara nayo si msahafu. Aprili 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kuchezea takwimu za mafuta za vigari vya kei zaidi ya 600,000, vikiwemo ilivyowatengenezea Nissan.

Kwa hiyo tunapima wenyewe, tangi kwa tangi. Kituo kilekile cha mafuta, pampu ileile ikiwezekana, na bomba likijikata mara ya kwanza basi, hakuna kushindilia. Dereva anaandika kilomita na lita, kesho kutwa anajaza tena. Tangi lenyewe ni la lita 27, kwa hiyo kosa la lita moja kwenye kujaza linaharibu hesabu vibaya. Ndiyo maana hatusomi jibu la tangi moja, tunasoma mfululizo.

Pacha mmoja alikuwa anatoa majibu mabaya kupita mwenzake bila sababu. Fundi akainama na kusoma ubavu wa tairi, kisha akafungua mlango wa dereva na kusoma stika: saizi hazifanani. Aliyeliuza alivisha tairi kubwa zaidi. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakula njia ndefu, lakini mita inahesabu mizunguko tu, kwa hiyo gari lilikuwa linatembea zaidi ya linavyojiandikia. Tulilinganisha na kilomita za simu yenye GPS, tofauti ikaonekana wazi. Tairi zimerudishwa saizi ya stika.

Baada ya kunyoosha hilo, pacha wanatembea kati ya kilomita 14 na 17 kwa lita mjini, kutegemea foleni na mguu wa dereva. La cc 800 liko mlemle, pengine linazidi kidogo siku ya barabara nyeupe, kwa sababu ni jepesi na fupi, halipigani sana na upepo. Kumbe injini peke yake haiamui.

Fundi alitueleza vizuri kwa nini udogo unasaidia. Injini ya petroli inapenda kufanyishwa kazi. Injini kubwa ikivuta mzigo mdogo mjini, kilango cha kuingizia hewa kinakuwa kimefungwa karibu chote, pistoni zinahangaika kufyonza hewa kupitia upenyo, na nguvu hiyo inapotea bure. Injini ndogo kilango chake kinafunguka zaidi kwa mwendo uleule. Kisha kuna uzito. Kila ukikanyaga breki, mwendo ulioulipia kwa mafuta unageuka joto kwenye diski, na gari la kilo 800 linapoteza kidogo kuliko la kilo 1,400. Lakini kisu hicho kinakata pande zote mbili: watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280, yaani zaidi ya theluthi ya uzito wa kigari kitupu. Kwenye mlima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, unaisikia injini ikilia, na CVT inaishikilia kwenye mizunguko ya juu mpaka mfike kileleni. Dereva wa zamu ya mchana anazima kiyoyozi kwenye mpando na kukiwasha tena juu. Abiria wengi hawajui.

Mabishano ya "langu linakwenda 17, lako 15" tumeyamaliza kwa kubadili kipimo. Sasa tunaandika lita kwa kilomita 100. Ukitoka gari la kilomita 8 kwa lita ukaingia la 10, umeokoa lita 2 na nusu katika kila kilomita 100. Ukitoka la 20 ukaingia la 25 umeokoa lita moja tu, ingawa masikioni 20 kwenda 25 ni hatua kubwa zaidi. Maana yake, kigari ambacho tayari ni kizuri hakistahili kukesha nacho gereji ukitafuta kilomita moja ya ziada. Uvujaji uko kwingine.

Machi

Uvujaji tumeuona. Ni kilomita tupu.

Tangu mwanzo wa mwezi kila dereva ana safu mbili kwenye daftari: kilomita zenye abiria na kilomita zisizo na mtu. Wiki ya kwanza madereva walijaza kwa makadirio, nikawaambia wasijisumbue. Tukaanza kubonyeza mita ya safari abiria akipanda na kuisoma akishuka. Picha iliyotoka si nzuri. Karibu nusu ya mwendo wa pacha ni mtupu: kurudi kutoka pembezoni, kufuata wito wa mbali, na zaidi ya yote kuzunguka mitaani kuwinda.

Hesabu niliyowasomea kwenye kikao ni hii. Kigari cha kilomita 16 kwa lita kinakula lita 6.25 kwa kilomita 100. Nusu ya mwendo ukiwa mtupu, basi kwa kila kilomita 100 zilizolipiwa kimekula lita 12.5. Sasa chukua saluni kongwe la kilomita 10 kwa lita, dereva wake hazunguki, anangoja hadi aitwe, na mwendo wake mtupu ni robo tu. Kwa kilomita 100 zilizolipiwa anatembea 133, anakula lita 13.3. Yaani gari letu la kisasa, lililotuingiza kwenye mkopo, linamshinda yule mkongwe kwa chini ya lita moja.

Palikuwa kimya kidogo. Kisha dereva wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote akasema, "Mwanangu, geji yenyewe haishuki. Kwa nini nikae?"

Hapo ndipo penyewe. Alipokuwa na gari la kubugia, kuzunguka kulimuuma, akajifunza kutulia kijiweni na kuwajua wateja wake kwa simu. Gari lisilouma limemtoa kijiweni. Nikamwambia, "Mzee wangu, geji haishuki haraka, lakini inashuka kwa ajili ya nani?" Akacheka, akasema nimeanza kuongea kama tajiri mwenye gari.

Sikutaka kuweka amri ya "marufuku kuzunguka". Dereva hafungwi kamba, na wakati mwingine kuzunguka kunalipa: mvua ikikata ghafla, mechi ikiisha, ofisi zikifunga. Tulichofanya ni kugawa mji kwa vituo vya kungojea na kukubaliana kwamba aliyeshusha abiria pembezoni anatangaza kwanza kwenye redio ya kikundi kabla ya kurudi, ili wito wowote wa upande ule aupate yeye hata kama si zamu yake. Wito wa mbali unaokuja kupitia programu ya simu, dereva anaangalia umbali wa kumfuata mteja na umbali wa safari yenyewe. Kufuata kukizidi safari, anauacha. Wengine walihofia nyota zao kwenye programu. Ni hofu ya kweli, na sina dawa yake.

Kuna uvujaji mwingine unaokaa kimya: kungoja injini ikiwa inaunguruma. Injini ndogo ikisimama na kiyoyozi kimewashwa huweza kula zaidi ya nusu lita kwa saa. Ukichukua lita 0.6, saa moja ya kungoja kwenye ubaridi ni sawa na kutembea karibu kilomita 10 na gari hilohilo. Tumetafuta vituo vyenye kivuli. Ni suluhisho la kizamani mno, na ndilo lililofanya kazi.

Aprili

Mwezi huu nimeacha mafuta, nimewaangalia abiria.

Nilikuwa kituoni jioni moja, la cc 800 liko mbele kwenye foleni, pacha nyuma yake. Akaja mama mmoja wa makamo ya juu, fimbo mkono wa kulia, mfuko mkono wa kushoto. Dereva wa mbele akamfungulia mlango wa nyuma. Mama akashika ukingo wa paa, akainamisha kichwa, akapima kwa mguu mmoja, akaurudisha. Akalitazama lile la nyuma. "Hili la kuchuchumaa siliwezi, baba. Nipeleke kwa lile." Kwenye pacha aligeuka tu, akakaa kama anavyokaa kitini kwake, kisha akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine. Dereva wa mbele alinuna, kwa sababu alipoteza zamu, lakini mama hakukosea.

Tofauti ni kimo cha kiti kutoka ardhini. Suzuki walilitambua hilo mapema: Wagon R yao ya mwaka 1993 iliinua paa na kiti ndani ya vipimo vilevile vya kei, na tangu hapo vigari virefu ndivyo vilivyotawala daraja hilo. Kwenye karatasi, gari la chini lina sifa zaidi, linapasua upepo vizuri na ni jepesi. Kwenye teksi, anayelipa ni mtu mwenye magoti. Wajawazito, wazee, mtu aliyetoka hospitali na bandeji, wote wanachagua pacha bila kuambiwa. Madereva wameanza kukimbia zamu ya la cc 800, na kwa kweli siwalaumu.

Nafasi ya miguu nyuma inawashangaza watu. Wanaingia wakiwa wamejiandaa kujikunja, wanakuta wanaweza kunyoosha goti. Penye ubanifu ni mabega. Upana wa nje wa mita 1.48, ukitoa unene wa milango, hauachi nafasi ya watu watatu nyuma, na mikanda nyuma ni miwili. Abiria wa tatu anakaa mbele na dereva. Dereva mwanaume hana shida. Lakini dada yetu wa zamu ya usiku anasema yeye hapendi mgeni akae ubavuni mwake, na abiria wanawake walio peke yao nao wanapenda nyuma. Basi usiku kigari ni cha abiria wawili, tuseme ukweli.

Mizigo. Kiti cha nyuma cha pacha kinateleza mbele na nyuma kwenye reli, na hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote ndani ya gari hili. Kikiwa nyuma kabisa, buti halimezi zaidi ya mifuko ya sokoni iliyosimamishwa. Ukikivuta mbele, sanduku kubwa la safari linasimama wima na mlango unafunga. Masanduku mawili makubwa, unakunja nusu ya kiti na unampoteza abiria mmoja. Kwa hiyo sasa anayepiga simu kwa safari ya uwanja wa ndege anaulizwa idadi ya watu na idadi ya masanduku kwa pamoja. Watu watatu na masanduku matatu tunawapa kikundi kingine chenye magari makubwa, nao wanatupa safari zao fupi za vichochoroni. Kuna aliyependekeza keria ya juu. Tulikataa: inaongeza upepo na kelele, na paa la kigari kama hiki lina kikomo chake cha kilo, ambacho masanduku mawili yaliyojaa huenda yakakigusa.

Jambo lisilo la kiufundi lakini linalotusumbua kuliko yote ni abiria anayeona gari dogo akataka nauli ndogo. "Sasa na hiki nacho unataka bei ya teksi?" Mita ya nauli inahesabu kilomita, haipimi bati. Madereva wenye ulimi mwepesi wanageuza maneno kuwa utani, wanamwambia bosi gari ni dogo lakini njia ni ileile. Wasio na ulimi huo wanashusha bei, na wao ndio wanaolalamika mwisho wa wiki kwamba hesabu haitoshi.

Upande mzuri ni maegesho. Mahali ambapo saluni linapita likitafuta nafasi, kigari kinajipenyeza, abiria anashukia mlangoni kabisa. Vichochoro ambavyo teksi nyingine zinashusha watu mwanzoni, sisi tunaingia hadi ndani. Nilidhani hata kugeuza hakuna gari litakaloweza kutushinda, mpaka niliposoma kwamba teksi nyeusi za London zinatakiwa kugeuka ndani ya duara la futi 25, yaani kama mita 7.6, sharti lililowekwa tangu mwaka 1906. Pacha wetu wanataka karibu mita 9. Gari kubwa namna ile, na linageuka kuliko kigari! Ukilijenga gari kwa ajili ya kazi moja unaweza kulifundisha mambo.

Mei

Gereji, kwa ufupi, maana fundi ana kazi zaidi ya maneno.

Tairi za inchi 13 zinaisha mapema. Tairi la 145/80 linazunguka karibu mara 566 kwa kilomita. La saluni la kawaida, 205/55 la inchi 16, karibu mara 504. Juu ya hilo, gurudumu dogo linazama zaidi kwenye shimo ambalo kubwa lingelirukia. Bearingi za mbele za pacha mmoja zimeanza kuunguruma, na bolijointi upande wa abiria ina mchezo. Upepo wa tairi sasa unapimwa kila Jumatatu asubuhi kabla gari halijapata joto.

Oili. Kitabu cha gari lisilo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini) kinaruhusu kilomita 10,000, lakini kinasema pia kwamba kwenye matumizi mazito upunguze nusu. Safari fupi fupi, kusimama na kuondoka, kungoja injini ikinguruma: hiyo ni teksi, ilivyoandikwa pale. Tunamwaga kila 5,000. Injini yenyewe inabeba lita zisizofika 3, kwa hiyo haiumizi sana, na pia oili ikipungua kidogo tu imepungua sana. Kijiti kinachomolewa kila siku.

Pacha wana mfumo wa kuzima injini wenyewe kwenye taa nyekundu. Ulifanya kazi mpaka betri ilipochoka, tukaletewa betri ya kawaida dukani, ikafa haraka. Mfumo huo unataka betri iliyotengenezwa kwa kuwashwa mara nyingi, na bei yake si ya kawaida. Tumepiga hesabu ya mafuta yanayookolewa dhidi ya bei ya betri na bado wajumbe wawili hawajakubaliana na mimi. Mimi nasema tununue inayotakiwa. Foleni zetu ni ndefu.

Mafuta ya gia za CVT hayana mbadala. Fundi mmoja wa nje alitaka kutuwekea ya otomatiki ya kawaida, "yote ni ya gia". Tukamwaga shukrani, tukaondoka na gari letu.

Juni

Kikao cha usalama kilichelewa, na kilipofika kilikuwa kirefu.

Hesabu yake haina huruma. Gari la kilo 700 likigongana uso kwa uso na la kilo 1,400, kila moja likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, baada ya kugandana yote mawili yanaelekea kule lilikokuwa likienda lile zito, kwa kama kilomita 17 kwa saa. Yaani waliomo kwenye zito wamebadilishiwa mwendo kwa 33, waliomo kwenye jepesi kwa 67. Hakuna ustadi wa dereva unaobadilisha hilo dakika ya mwisho. Kinachobaki ni bati linavyokunjika, mikanda na mifuko ya hewa. Mwaka 2014 Global NCAP, shirika la kupima usalama wa magari, iliyagonga magari madogo 5 yaliyokuwa yakiuzwa India bila mifuko ya hewa, yote yakapata nyota sifuri kwa ulinzi wa watu wazima. Moja kati ya hayo, Volkswagen Polo, lilipopimwa tena likiwa na mifuko ya hewa lilipata nyota 4.

La cc 800 tulilonunua halina mfuko wa hewa hata mmoja. Pacha wanayo miwili ya mbele. Niliuliza nani angempandisha mwanawe kwenye lipi, na baada ya hapo hatukubishana sana.

Tumeamua: barabara kuu za mwendo kasi na malori, hatuendi usiku. Mchana tunaenda kwa pacha tu. Mikanda ya nyuma, iliyokuwa imezama chini ya viti na vumbi lake, imetolewa, imefuliwa na kubaki juu. Dereva hang'oi gari mpaka aisikie inalia "ta" mara zote. Abiria wengine wanaona ni kero. Yule mzee wa geji ndiye mkali kuliko wote kwenye hili, anageuka nyuma na kusema, "Funga mkanda mama, kigari hiki ni bati mbili na mimi." Hakuna aliyewahi kumbishia.

Julai

Kilomita tupu zimeshuka kutoka karibu nusu hadi kama theluthi. Kwa gari la kilomita 16 kwa lita, hiyo ni kutoka lita 12.5 hadi lita 9.4 kwa kilomita 100 zilizolipiwa, bila kugusa injini. Lita 3 hizo hakuna kiwanda ambacho kingetupa kwa kubadilisha gari, na kila lita ya petroli isiyochomwa ni kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa ambazo hazikutoka. Vituo vya kivuli na redio ndivyo vilivyofanya kazi kubwa. Eneo la pembezoni bado gumu. Jioni watu wanatoka mjini kwenda huko na hakuna anayerudi.

La cc 800 tunaliondoa kwenye abiria. Lisiuzwe kwanza: kuna wateja wa kupeleka vifurushi wameshauliza, na kifurushi hakina magoti.

Badala yake tunatafuta pacha wa tatu, safari hii wenye milango ya nyuma ya kuteleza. Mlango wa kuteleza haumgongi mwendesha baiskeli anayepita, na unafunguka mahali pembamba ambapo wa kawaida ungegonga ukuta. Unaongeza kilo, najua.

Mapendekezo mawili yako mezani. La kwanza ni gesi asilia. Bei ya gesi inavutia, lakini mtungi unakaa kwenye buti, na buti letu tumeshalijadili Aprili. Kwa gari la vifurushi labda hapana, kwa pacha hapana kabisa. La pili ni umeme. Nissan Sakura ya mwaka 2022 ni kei kamili, ina betri ya kWh 20 na inatangazwa kwa kilomita 180. Ukijumlisha kiyoyozi, milima na betri kuzeeka, zamu mbili kwa siku haitoshi bila kuchaji katikati. Zamu moja inatosha, na saa za mchana za kungoja kivulini zingegeuka saa za kuchaji, kama kivuli hicho kina soketi. Dada wa zamu ya usiku ameomba yeye awe wa kwanza kulijaribu, kwa sababu anasema kigari kisichonguruma kitamsaidia kusikia nani anakuja nyuma.

Kwa sasa bearingi zimeagizwa, alaimenti Ijumaa, na mwezi ujao safu ya tatu inaongezwa kwenye daftari: dakika za kungoja injini ikiwa imewashwa.